Kuhusu Mgeni Aliyekula Kwetu Kisha Akanivunja Mkono

Velibor Prokić, fundi saa,
Mtaa wa Kinu, Brezovac.
Tarehe 19 Oktoba.

Kwa Mkurugenzi,
Mfuko wa Fidia kwa Waathirika wa Uhalifu,
Ghorofa ya pili, mlango baada ya ngazi zilizovunjika.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: FAILI LANGU, NA TAMKO LA UZEMBE AMBALO SITALITIA SAHIHI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chenye mgongo, na mikono yako yote miwili inakutii. Mimi unanitii mmoja tu, wa kushoto, na ndio ulioandika haya, kwa hiyo naomba radhi kwa mwandiko. Mke wangu Ljubinka alijitolea kuniandikia, nikamkatalia. Ana tabia ya kuyatoa maneno makali njiani na kuweka "tafadhali" mahali pake.

Nimepokea barua yenu ya tarehe 5 mwezi huu, miezi kumi na mmoja baada ya maombi yangu. Sikulaumu kwa mwendo huo. Mimi mwenyewe nimekaa miaka miwili na saa ya marumaru ya marehemu mwalimu mkuu, na mjane wake kila aliponiuliza nilimwambia imebaki kidogo. Mtu wa namna yangu hana uso wa kumcheka mwenzake aliyechelewa.

Ninachokilalamikia ni kilichomo ndani. Mnasema mko tayari kulipia operesheni ya mkono wangu wa kulia, kwa sharti moja: ndani ya siku kumi na tano nitie sahihi karatasi mnayoiita Tamko la Uzembe Binafsi. Humo nitakiri kwamba nilimwingiza nyumbani mtu nisiyemjua kwa uzembe wangu mwenyewe, na nitaahidi kwamba kuanzia sasa nitahakiki utambulisho wa kila mgeni kabla hajavuka kizingiti. Nisipotia sahihi, faili linafungwa. Siku ya mwisho ni kesho.

Najua ninachokikataa. Kano za vidole vitatu zimegandamana na kovu, na daktari amenieleza bila kuzunguka kwamba zikikaa hivyo hadi mwisho wa mwezi ujao, vidole vitabaki vimejikunja mpaka nizikwe navyo. Kwenye foleni ya hospitali ya umma, zamu yangu itafika mwaka kesho kutwa. Fundi saa asiyeweza kushika kibano ni mtu anayekaa tu kati ya saa za watu. Nimeyaweka haya mwanzoni usije ukadhani ninajibu kwa kutojua.

Nakataa. Sababu zangu nimezipa namba, kwa kuwa fomu zenu zinapenda namba.

1. Mnauliza nani alimwalika.

Swali la kumi na moja: "Mtuhumiwa aliingia katika makazi kwa mwaliko wa nani?" Nililisoma mara tatu, kisha nikamsomea mama yangu, Desanka, mwenye miaka themanini na mmoja. Akaniuliza barua imetoka nchi gani.

Siku ile, Mheshimiwa, ilikuwa slava yetu. Kwa ajili ya faili nitaeleza kana kwamba umezaliwa mwezini: ni sikukuu ya mtakatifu anayeulinda ukoo, na wetu ni Mtakatifu Luka, tarehe 31 Oktoba, tangu enzi za babu wa babu yangu. Kwenye slava haalikwi mtu. Anayekumbuka anakuja. Mlango unakaa wazi tangu asubuhi, mshumaa unawaka, mkate umekatwa, ngano ya kuchemsha yenye sukari iko mezani, na mwenye nyumba anasimama siku nzima kwa kuwa si adabu akae wageni wakila.

Haya unayajua. Nina ushahidi kwamba unayajua. Novemba ile nilipoleta maombi kwa mara ya kwanza, mkono umefungwa plasta hadi kiwiko, nilikuta kwenye dirisha namba nne karatasi imebandikwa: "Leo hakuna huduma. Afisa yuko kwenye slava yake." Nikarudi nyumbani bila kinyongo, nikashuka zile ngazi zenu nikishikilia ukuta. Sikuuliza afisa amewaalika akina nani.

2. Mnauliza kwa nini sikumuuliza jina.

Aliingia saa saba mchana. Miaka arobaini hivi, koti la kijivu, ndevu amenyoa, chupa ya divai mkono mmoja na pakiti ya kahawa mkono mwingine, kama mtu yeyote aliyelelewa. Alivua viatu akaviacha kwenye rundo la viatu vya wenzake. Akanibusu mara tatu. "Heri ya slava, mwenye nyumba," akaniambia, "na mwakani tukutane hapahapa." Akafanya ishara ya msalaba mbele ya mshumaa, akachota ngano kijiko kimoja. Kimoja tu, Mheshimiwa. Obrad, aliyesimamia ndoa yangu na ambaye bado hajachoka kuisimamia, huchota vitatu.

Kwa adabu ile nilijua papo hapo kwamba ni ndugu wa mke wangu. Upande wetu hatuna watu wa namna hiyo. Mke wangu naye alijua kwamba ni mteja wangu, kwa sababu aliitazama saa ya ukutani mara kwa mara, kisha akanitazama mimi kwa huruma. Mama alijua kwamba ni mjukuu wa Shangazi Vukosava, dada wa marehemu baba, anayekaa mlimani. Na Shangazi Vukosava mwenyewe, ambaye haoni vizuri, alimshika mkono akamuuliza, "Mama yako hajambo?"

"Hajambo, shangazi," akajibu. "Anakusalimu sana. Anasema humtembelei."

Shangazi akalia kidogo, akaomba asamehewe.

Sasa nioneshe dakika ambayo ningeweza kumsogelea nikamwambia, "Samahani, wewe ni nani?" Hapa mjini alikuwepo mpima ardhi mmoja, Tadija, aliyeuliza swali hilo kwenye slava yake. Mgeni aliyeulizwa alikuwa baba wa kijana aliyekuwa amchumbie binti yake. Binti alikuja kuolewa miaka sita baadaye, na mtu mwingine, wa mbali. Tadija amekufa, nyumba imeuzwa mara mbili, na hadi leo ukiuliza njia utaambiwa, "Pita ile nyumba ya Wewe-Nani, kisha kata kulia."

3. Mnasema mtuhumiwa "alihudumiwa kwa hiari na kwa muda mrefu."

Ni kweli. Nilimhudumia mwenyewe, kwa saa tatu na dakika arobaini. Alikula sarma sahani tatu, na kila sahani ya ile nyama ya kuviringishwa kwenye kabichi alimsifu mpishi kwa jina, jina alilolisikia muda huohuo mezani. Kisha akasimama na glasi akatamka maneno juu ya marehemu baba yangu, ambaye hakupata kumwona maishani mwake, maneno mazuri kiasi kwamba Padri Serafim aliacha kutafuna. Obrad, ambaye kutamka hayo ndiyo kazi yake kila mwaka, alinuna mpaka ilipoletwa nyama ya nguruwe ya kuoka.

Jioni inakaribia, viti vikawa havitoshi, nikaenda chumbani kwa mama kuchukua kingine. Nikamkuta mgeni wetu amefungua droo, sarafu za dhahabu alizoachiwa mama na mama yake ziko kwenye kiganja chake. Naona haya kuandika nilichomwambia, ila kimo kwenye maelezo ya polisi, kwa hiyo unacho tayari. Nilimwambia, "Samahani, ndugu yangu, choo ni mlango wa pili kushoto."

"Ahsante, mwenye nyumba," akasema. Nilipounyoosha mkono kumwonyesha, akaichukua ile saa ya marumaru ya mwalimu mkuu, niliyokuwa nimeihifadhi juu ya kabati, akaniangushia mkononi. Mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani imemponyoka. Ya pili ndiyo iliyonifanya nimfikirie vibaya.

Kisha alirudi sebuleni taratibu, akawaaga watu wote, akambusu Shangazi, akavaa viatu vya Obrad na kwenda zake. Na usidhani tuligundua uhalifu kwa sababu yangu. Tuligundua kwa sababu ya viatu. Obrad alipiga kelele mlangoni robo saa nzima ndipo mtu mmoja akasema, "Hebu ngoja, mwenye nyumba yuko wapi, glasi zimekauka." Mwenye nyumba alikuwa sakafuni chumbani, anajaribu kukumbuka jina la ndugu wa mke wake.

4. Mnasema ushahidi "unapingana."

Watu kumi na sita walitoa maelezo. Kumi na sita walikubaliana juu ya koti. Juu ya mtu mwenyewe, askari aliandika kwamba alikuwa mjukuu wa mlimani, mteja wa saa, binamu wa mke, mpwa wa padri, na kwa mujibu wa jirani yetu wa ghorofa ya juu, mtu wa kusoma mita za umeme. Kila mmoja alisema kweli yake. Ungekuwepo ungekuwa wa kumi na saba.

Lakini kilichoniudhi ni kwamba katika kurasa zote zile mmenukuu sentensi moja tu, ya mama yangu: "Mashahidi wanamweleza mtuhumiwa kama mtoto mzuri." Mngeendelea kusoma. Askari alimwambia, "Bibi, huyu mtoto mzuri amemvunja mwanao mkono." Mama akamjibu, "Velibor ana mifupa laini tangu utotoni. Huyu mwenzie alikula akamaliza sahani. Kama ameiba, basi alikuwa na shida." Halafu akamuuliza askari kama yeye ameshakula. Hilo la mwisho halimo kwenye maelezo, kwa sababu askari alikuwa ameshaweka kalamu chini na kushika uma.

5. Mnataka jina la mhalifu.

Sehemu C ya fomu: jina kamili, jina la baba, namba ya kitambulisho, anuani, pamoja na uthibitisho kwamba hana uwezo wa kunilipa yeye mwenyewe. Mfuko wenu, kama nilivyoelewa, upo kwa ajili ya watu ambao mhalifu wao hajapatikana au hana kitu. Mhalifu wangu hajapatikana. Ningekuwa na anuani yake ningekwishafika, kwanza kwa ajili ya vile viatu, maana Obrad hanipi raha.

Bibi Nevenka wa dirisha namba nne alinishauri kwa wema, "Andika tu 'hajulikani', baba, usijisumbue." Nikaandika. Mwezi wa tatu fomu ikarudi, imezungushiwa duara jekundu: jina halijakamilika, ongeza jina la baba. Nikaandika: Hajulikani, mwana wa Hajulikani. Hiyo ikapita. Nimeambiwa inasubiri tu anuani.

6. Mnanikata divai na kahawa.

Hili nilidhani ni kosa la mpiga chapa. Ukurasa wa nne mmeandika kwamba fidia itapunguzwa kwa "manufaa ambayo mwathirika ameshayapokea kutoka kwa mtenda kosa," na chini yake yameorodheshwa: divai nyekundu, chupa moja, kahawa ya kusaga, pakiti moja, gramu mia mbili.

Kwa heshima zote, kahawa ile waliinywa polisi, wakati wa uchunguzi. Iliyobaki aliinywa mtathmini wenu, alipokuja kuupima mlango wetu kwa futi na kuandika kwamba upana wake unatosha kupitisha mtu. Divai aliinywa Obrad, kwa hasira, akiwa amevaa kandambili za mke wangu. Mimi, niliyenufaika, nilikuwa hospitali nikipigwa picha za mifupa.

Na kama kanuni ni hiyo, iende pande zote mbili. Andikeni upande wa pili: sarma sahani tatu, nyama ya kuoka, saladi, keki za aina nne, na machozi ya Shangazi Vukosava. Nina hakika mkishamaliza mtakuta mhalifu ndiye anayedaiwa na Mfuko, na mtamwandikia barua. Itumeni kwa Hajulikani, mwana wa Hajulikani. Na mkimpata, mniambie.

7. Sasa Tamko lenyewe.

Slava inarudi baada ya siku kumi na mbili. Nikilitia sahihi Tamko lenu, asubuhi ya tarehe 31 nitasimama mlangoni na kitabu. Wa kwanza kufika huwa Padri Serafim. Nitamwomba kitambulisho. Atafungua joho lake mifuko yote, atakuta mishumaa, peremende na leseni ya udereva iliyokwisha muda, na mimi itanibidi nimrudishe, kwa kuwa nimeahidi. Atafuata Obrad. Obrad namjua kwa miaka thelathini, ila nikijichunguza, namjua kwa maneno ya watu tu. Wazazi wake ndio walioniambia kwamba yeye ni Obrad, na wao hawakuwa na sababu ya kusema kweli. Shangazi Vukosava hana picha ya karibuni. Mama yangu alihamia humu kabla sijazaliwa na hajawahi kuhakikiwa na mtu.

Na nisipotaka kufanya upendeleo, itanibidi nianze na Mtakatifu Luka. Anaingia humu kila mwaka, anakaa siku nzima, haonyeshi karatasi yoyote, na haijulikani anatoka na nini.

Kwa nini tusilifanye jambo hili vizuri? Wekeni dirisha lenu kwenye mlango wa kila nyumba. Mgeni achukue namba. Alete cheti cha kuzaliwa kisichozidi miezi sita, na barua ya mtu anayemjua, na barua ya mtu anayemjua huyo. Saa nne hadi nne na nusu dirisha lifungwe, afisa apate kula, na mgeni angoje ngaziani amekumbatia chupa yake. Atakayekufa njaa, mwaka utakaofuata aombe fidia. Wezi nao wapangiwe siku yao, wajaze fomu mapema, tupate kuwa nyumbani.

Halafu fungueni na faili la baba yangu. Nakiri kwa niaba yake, maana amekufa hajatubu. Mwaka ule daraja liliposombwa na mto, basi la kwenda makao makuu ya wilaya lilikwama hapa mbele, ilikuwa Mtakatifu Luka na mvua ya siku tatu. Baba alitoka na mwavuli, akagonga kioo cha dereva akasema, "Mnakaa humo kufanya nini, supu inapoa." Aliwaingiza watu thelathini na mmoja. Hakumuuliza hata mmoja. Walikula siku mbili, walilala hadi kwenye sakafu ya jikoni, na walipoondoka hakikupungua hata kijiko. Naomba ashtakiwe kwa makosa thelathini na moja ya uzembe. Mmoja wa watu hao alikuwa msichana mwenye viatu vilivyolowa, aliyekaa karibu na jiko hataki kuongea na mtu. Leo ndiye anayenifulia, ananifunga vifungo vya shati na kuniambia nisiandike maneno makali. Baba angedai kitambulisho, mimi hadi leo ningekuwa nafuliwa soksi na mama.

8. Wameamua wa nyumbani.

Jumapili iliyopita niliwasomea Tamko lenu mezani, neno kwa neno, pamoja na mhuri.

Mama ndiye aliyeanza. "Ukitia sahihi hiyo, mwanangu, kwanza niambie nimfungie nani mlango. Nianze na nani?"

"Tia sahihi, Velibor," akasema Obrad. "Mkono ni mkono. Mtakatifu Luka mwenyewe alikuwa tabibu, ataelewa."

"Wewe nyamaza. Wewe unalilia viatu."

"Vilikuwa vya Italia, mama. Nilivivaa mara moja."

"Basi huyo aliyevichukua angalau anatembea vizuri," akasema mama. "Na nyumba hii haijafungwa mlango siku ya Luka tangu vita, na wakati wa vita haikufungwa pia, walikuja Wajerumani wawili wakapewa ngano. Sasa tuufunge kwa sababu ya karatasi?"

Ljubinka aliinama juu ya sahani yangu. Alikuwa ananikatia nyama, kama anavyonikatia tangu mwaka jana, vipande vidogovidogo, na kunisogezea sahani upande wa kushoto.

Nikasimama. Nikasema kwamba mimi, Velibor, mwana wa Dragutin, sitaliweka jina la baba yangu chini ya karatasi inayouita mlango wake uzembe, hata kama mkono huu utabaki kuwa kwato. Mama alinibusu utosini. Obrad alifuta macho, akamimina rakija, ile pombe kali ya plamu anayoificha hata wageni wasiione, tukanywa kwa ajili ya kwato. Sijapata kusifiwa nyumbani kwangu kiasi kile tangu siku ya harusi, na siku ile walimsifu zaidi Obrad.

Kwa hiyo sasa unaelewa kwamba nikirudi nyuma sina pa kurudi.

Mchana huwa nafungua duka, nakaa. Saa za watu zimo kwenye droo, zimepita arobaini, kila moja imesimama pale iliposimama. Watu wanachungulia mlangoni, "Bado, bwana Velibor?" Nawajibu, "Imebaki kidogo." Wengine wameanza kwenda kwa yule kijana wa sokoni anayebadilisha betri na kuuza vifuniko vya simu. Siwalaumu. Nakueleza tu ili kwenye faili pawe na picha kamili ya mtu mzembe akiwa kazini kwake.

Kwa hayo yote naomba, kwa unyenyekevu ambao nimebaki nao: kwanza, swali la kumi na moja lifutwe na aliyelitunga apelekwe kwenye slava yoyote, ya mtu yeyote, akae kimya, ale. Pili, operesheni ilipwe bila Tamko, kwa sababu nilivunjwa mkono na mwizi, na mwenye kosa la kuvunja ni mvunjaji. Sidhani kama nimeomba jambo gumu kulielewa. Nimelieleza kwa Shangazi Vukosava na akalielewa, na yeye anaamini mwizi ni mjukuu wake. Tatu, kama mnalazimika kumtia mtu uzembeni, mtieni yule aliyekaa na faili la mkono uliovunjika kwa miezi kumi na mmoja huku mfupa ukijiungia wenyewe unavyotaka.

Nisalimie Bibi Nevenka wa dirisha namba nne, mwambie ushauri wake ulinifaa. Nisalimie na mtathmini, mlango bado una upana uleule. Msalimie na mlinzi wenu wa chini, mtu pekee katika jengo zima anayeniuliza kitambulisho kila ninapokuja na kisha akaniuliza mkono unaendeleaje. Mama anakusalimu wewe binafsi, ingawa hakujui, na anauliza kama umeshakula.

Ni mimi, nisiyekubaliana nawe hata kidogo, na ninayekuheshimu kadiri sheria inavyotaka,

Velibor D. Prokić,
fundi saa.

Baada ya sahihi: Nilipokuwa nailamba bahasha hii aliingia dukani mama mmoja na saa ya mkononi ya mumewe. Hakutaka itengenezwe, alitaka mkanda tu uingizwe, ile pini ndogo ya ubavuni, kazi ambayo kwa miaka thelathini nimekuwa naifanya huku nikizungumza habari za mpira. Nilijaribu mpaka pini ikadondoka chini ya meza, na yeye akapiga magoti kuitafuta, akaiingiza mwenyewe kwa kucha, akaniuliza ni kiasi gani. Alipoondoka nilifunga mlango wa duka kwa ufunguo. Tamko la Uzembe Binafsi limeambatanishwa nyuma ya barua hii, nakala tatu, limetiwa sahihi kila ukurasa. Sahihi haifanani na ile ya kitambulisho kwa kuwa ni ya mkono wa kushoto. Naomba muikubali hivyohivyo. Daktari ananipasua Jumanne. Malipo yaende hospitali moja kwa moja, na stakabadhi msiitume Mtaa wa Kinu, kwa sababu nyumbani bado nimekataa.